Pasaka, Nanenane, Krismasi: tunavyotunza nywele za dawa miezi minne bila kurudia (Arusha na Moshi)

Binti wa Themi (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi huu ni wa wenye nywele za dawa, yaani zilizolainishwa, ambao hawarudi saluni kila baada ya wiki 6, iwe kwa kupenda au kwa kubanwa na maisha. Wenye nywele za asili karibuni mtufundishe pia, ila naomba tusibishane nani yuko sahihi.

Niko Arusha, upande wa Njiro. Dawa naweka mara tatu tu kwa mwaka, na tarehe zangu nimezifunga kwenye sikukuu ili zisinipotee: Pasaka, Nanenane, Krismasi. Kila nafasi inakuwa na wiki 12 hadi 20, kutegemea ni sikukuu ipi na kama Pasaka imeangukia Machi au Aprili. Zamani nilikuwa narudia kila wiki ya 6 na nywele hazikuwahi kuvuka masikio. Leo zinagusa mabega. Dawa ni ile ile na mafuta ni ya bei ile ile. Nilichobadilisha ni namna ninavyoishi na nywele zangu katika ile miezi ya katikati.

Nianze na nilikotoka. Niliweka dawa mara ya kwanza nilipomaliza kidato cha nne, baada ya miaka yote ya kunyoa kwa sheria ya shule. Saluni niliyokuwa naenda, dada alikuwa anapaka dawa kuanzia shina mpaka ncha kila nikikaa kwenye kiti. Mimi sikujua, nilifurahia tu zikilala. Mwaka wa pili nikaanza kusema nywele zangu hazikui. Kumbe zilikuwa zinakua kama za wengine, karibu sentimita 1 kwa mwezi, lakini kila kilichoongezeka juu kilikuwa kinakatika chini.

Halafu ikaja Desemba moja. Tulikuwa tunaenda nyumbani Kilimanjaro kuhesabiwa, safari ni asubuhi ya tarehe 23. Tarehe 21 usiku nikafumua rasta nilizokaa nazo miezi mitatu, nikajikuna mpaka roho ikatulia, kesho yake asubuhi nikakaa kwenye kiti cha dawa. Dakika ya tano kichwa kinawaka. Nikasema jamani inaniunguza. Nikaambiwa nivumilie, bado haijakolea. Nikavumilia. Usiku ule nyuma ya sikio la kushoto pakatoa maji, asubuhi ngozi imegandana na foronya. Krismasi yote nilivaa kilemba, na mama alipotaka kunifungua ili aone, nikakataa. Palibaki kipara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na ilinichukua hadi karibu Krismasi iliyofuata kupaona pamejaa tena.

Ndipo nikaanza kusoma na kuuliza. Dawa nyingi za kulainisha zina nguvu ya pH 12 hadi 14. Zile za saluni mara nyingi zina sodiamu haidroksaidi, kostiki ile ile ya kutengenezea sabuni. Za boksi zinazochanganywa nyumbani, krimu na kichupa cha maji, hutumia kalsiamu haidroksaidi na guanidini. Zote zinafanya kazi moja: zinavunja vile viungo vya salfa vilivyoufanya unywele wako ujisokote. Vikishavunjwa hivi havirudi. Unywele ukishalala umelala, kuupaka tena dawa hakuulazi zaidi, kunauchosha tu. Kwa hiyo dawa ni ya nywele zilizoota peke yake. Za zamani zipakwe mafuta ya mgando ili hata dawa ikitiririka isishike.

Sasa kwenye hiyo miezi ya katikati kuna mahali pamoja panapotutesa. Shika unywele mmoja uliokaa wiki 12. Chini karibu na ngozi umejisokota, una nguvu. Juu umenyooka, ni mwembamba. Pale vinapokutana, kidole kinasikia kabisa kama kifundo. Mimi napaita mpakani. Ukichana kwa nguvu, ukibana mkia wa farasi ukavuta, ukipiga pasi kila Jumapili, panapokatika ni pale. Ndiyo maana wengi wanasema "nikichelewesha dawa zinakatika". Kuchelewa hakuzikati. Zinakatwa na chanuo lile lile la wiki ya pili, linalopitishwa kwa mkono ule ule kwenye wiki ya 12.

Nimechoka kidole, narudi baada ya chakula nieleze ninavyoosha.

Dada wa Sakina

Tiririka dada, nimeweka kambi. Mimi wiki ya 9 na kila nikichana sakafu inajaa. Nilikuwa nimeshapanga kwenda Ijumaa.

Binti wa Themi

Nimerudi. Dada wa Sakina, kabla ya Ijumaa fanya kitu kimoja. Tandika kitambaa cheupe mabegani, chana kidogo, kisha okota nywele zilizoanguka uziangalie moja moja dirishani. Unywele mrefu wenye kitone cheupe kwenye mwisho mmoja umetoka na mzizi, muda wake umeisha. Kila mtu hupoteza kama 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku. Ukiona vipande vifupi visivyo na kitone, hivyo vimekatika. Hizi habari mbili tiba yake si moja, na watu wengi wanakimbilia saluni bila kujua yao ni ipi.

Kuosha kwangu ni Jumamosi, kila wiki moja na nusu hivi. Usiku wa kuamkia napaka mafuta ya nazi, nywele zikiwa kavu, hasa pale mpakani. Ya nazi si kwa mazoea tu. Mafuta mengi yanakaa juu ya unywele, ya nazi yanapenya ndani na kuuzuia usinyonye maji kupita kiasi wakati wa kuosha. Unywele unaovimba na kusinyaa kila wiki unachoka mapema.

Asubuhi nagawa kichwa mafungu manne na kuyasokota mabutu makubwa. Naosha butu moja moja bila kuyafumua yote. Shampuu inaenda kwenye ngozi, povu linalotiririka linatosha kusafisha urefu. Usizilundike nywele katikati ya kichwa ukazifikicha kama nguo, hapo ndipo zinasokotana. Kisha kandishena nyingi mpaka nywele ziteleze mkononi kama bamia. Hapo hapo, zikiwa zimelowa na zinateleza, ndipo nachambua, kwa vidole kwanza. Naanzia nchani, napanda kidogo kidogo. Nikifika mpakani nashika fungu kwa mkono wa kushoto, upande wa ngozi kabla ya kifundo, ili chanuo likivuta livute mkono wangu na si mzizi. Chanuo ni lile la meno mapana. Ukisikia "ta", simama. Ongeza kandishena, rudi kwa vidole. Kichwa kizima kinanichukua karibu saa nzima, na saa hiyo siifanyi huku nachungulia simu.

Kukausha ni kwa fulana ya zamani ya pamba, nabonyeza, sisugui kwa taulo. Kisha nasuka mabutu yale manne na kuyaacha yakauke, au naseti rola. Rola zinanyoosha hadi karibu na ngozi bila pasi. Pasi ya nywele nimeiweka kwa ajili ya harusi na kipaimara, basi.

Mama Pacha, Pasua

Asante mleta uzi. Mimi nina watoto wa miezi minne na nywele zinatoka kwa mafungu, zaidi pembeni mwa uso. Dawa mara ya mwisho niliweka kabla sijapata ujauzito. Mama mkwe anasema ni kwa sababu sijarudia, mwingine ananiambia ni kunyonyesha. Nimechanganyikiwa, maana nikiosha natamani kulia.

Binti wa Themi

Pole sana mama, na hongera kwa mapacha. Siyo dawa, na siyo kunyonyesha. Wakati wa ujauzito nywele ambazo zingetoka zinabaki kichwani. Ukishajifungua homoni zinashuka, basi zile zilizokuwa zinasubiri zinatoka kwa pamoja, kwa kawaida kuanzia kama mwezi wa tatu. Zikague kama nilivyomwambia Dada wa Sakina, utakuta zina vitone. Kwa wengi hujaa tena zenyewe ndani ya mwaka. Nakuomba usiweke dawa sasa hivi kwa hofu. Nywele changa za pembeni zinazoota ndizo laini kuliko zote. Muulize pia muuguzi kliniki kuhusu wingi wa damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao unaangusha nywele, na umebeba wawili.

Msusi wa Majengo

Wanangu, hamjambo. Nasuka hapa Moshi tangu wengine hamjaanza shule, naomba niseme kidogo.

Huyu binti amesema kweli, ila kuna jambo amelipita. Wengi mnajificha kwenye rasta katika hiyo miezi, ni vizuri. Kinachowamaliza ni kufumua. Mkishafumua, chini ya kila rasta, kwenye shina, kuna ukoko: vumbi, mafuta na nywele zilizotoka zikakosa pa kuangukia. Mtu anafumua, anakimbilia bombani. Maji yakishagusa ukoko kabla haujachambuliwa, unashikana kama sufi, hapo ni mkasi. Fumua rasta moja, tia mafuta au kandishena pale pale, vunja ukoko kwa vidole, chana, funga pembeni, nenda nyingine. Kichwa kizima hakimwagiwi maji mpaka ukoko wote umeisha. Nikimfumua mteja namwambia aje na chakula chake.

Rasta zisizidi wiki 6 mpaka 8. Wiki ya tatu osheni ngozi hata kama zimesukwa. Na mkisukwa, kichwa kikiuma mpaka mnameza vidonge ndipo mlale, mwambieni msusi afumue zile za mbele. Vile vipele vidogo vyeupe kwenye shina si urembo, ni ngozi inalia. Msuko wa twende kilioni uliolegea ni mzuri kuliko rasta ndogo ndogo nzito.

Jambo la mwisho ambalo sikubaliani na binti: wiki 16 si za kila mtu. Mwenye nywele nyembamba, wiki ya 10 au 12 zikianza kukatika vipande hata akizibembeleza, asingoje Nanenane. Aje nimwekee.

Binti wa Themi

Shikamoo mama. Nimekubali, na la wiki 16 umenirekebisha. Wifi yangu ana nywele kama hariri, yeye wiki ya 12 ndiyo mwisho wake, nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Kuhusu ukoko, rasta za ile Desemba nilizimwagia maji moja kwa moja.

Dada wa Sakina

Marahaba ya mama inatutosha wote! Swali langu ni maji. Kwetu tunatumia ya kisima, yale ya huku chini ya Meru. Meno ya wengi huku ni ya kahawia mnajua. Je, si hayo yanatukausha nywele?

Binti wa Themi

Meno ni floraidi, na habari ya floraidi ni meno na mifupa. Lakini maji mengi ya visima vinavyotoka kwenye miamba ya Meru yana magadi pia, utayajua kwa ule utelezi mkononi. Magadi yanayafanya magamba ya unywele yasimame, ndiyo maana baada ya kuosha zinakuwa za kukwaruza. Mimi masika nakinga maji ya mvua kwenye ndoo na kuyahifadhi kwa suuza ya mwisho. Yakiisha natia kijiko kimoja cha siki kwenye lita moja ya maji, nasuuza, naacha dakika mbili, namwagia maji kidogo. Magamba yanalala.

Na kwa wanaotumia dawa ya boksi: ile kalsiamu inaacha unga mwembamba juu ya nywele, nao unazikausha taratibu wiki hadi wiki. Ipo shampuu maalumu ya kuondoa chumvichumvi za maji. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Niongeze la baridi, maana Juni na Julai Arusha tunaijua. Vumbi kavu, upepo, na kila mtu kavaa marvini. Ile sufi inasaga nywele za mbele kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ukipanda boda unaongezea helmeti juu yake. Nilienda Kiborloni kwenye mitumba nikanunua gauni la kulalia la satini, kubwa. Mgongo wake nikashona foronya mbili. Mikono yake nikaigeuza bitana ya marvini yangu, nimeshona kwa mkono mishono mikubwa tu. Kipande kilichobaki ndicho kitambaa changu cha ndani ya helmeti. Kanga tunaipenda lakini ukilala nayo inanyonya mafuta yote.

Mdau wa Usa River

Mimi ni mwanaume, mke wangu anaweka dawa. Nimesikia inaleta saratani ya kizazi. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Binti wa Themi

Swali zito kaka, nakushukuru. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 waliowafuatilia karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Walikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 70, kwa wasiotumia kabisa ni asilimia 1.64, kwa wanaotumia mara nyingi ni asilimia 4.05. Si ile saratani ya shingo ya kizazi, ni ya mfuko wenyewe. Utafiti wa namna hii unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, haujathibitisha kuwa kimoja ndicho kilicholeta kingine. Lakini mimi niliposoma "zaidi ya mara 4" nilikuwa bado naweka mara nane au tisa kwa mwaka. Siku ile ndipo nilipoandika zile sikukuu tatu kwenye kalenda. Msomee mkeo, muamue pamoja bila kumtisha. Akiona damu isiyo ya kawaida, hasa akiwa ameshakoma hedhi, aende hospitali.

Na wale mnaoona kipara kinachong'aa utosini na kinatanuka, au pana usaha, msipake chochote cha kienyeji juu yake. Moshi tuna bahati, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, madaktari wa nchi nyingi wanakuja kusomea pale. Ngozi ya kichwa nayo ni ngozi. Kovu likishafunga shina, nywele hairudi, kwa hiyo kuwahi ni muhimu sana.

Mwanafunzi wa Chuo

Dada, na siku yenyewe ya dawa ikifika?

Binti wa Themi

Mdogo wangu, hii nitasema kwa msisitizo. Siku tatu kabla usioshe, usijikune, usichane kwa nguvu. Ukifumua rasta kaa wiki mbili. Mwambie anayekuweka, kabla hajafungua kopo: zilizoota tu. Mafuta ya mgando masikioni, pembeni mwa uso na kwenye nywele za zamani. Wiki ya 16 nywele za kupaka zina sentimita 3 au 4, ni kazi ndefu, kwa hiyo apake robo ya kichwa, aimalize na kuiosha, au wawe wawili. Isiwe nyuma imekaa dakika 25 mbele ndiyo kwanza inaanza.

Ikianza kuchoma, simama uende mwenyewe kwenye sinki. Kuchoma hakumaanishi imekolea, kunamaanisha imefika kwenye ngozi.

Kuosha: maji ya vuguvugu mengi mpaka uchoke, ndipo shampuu ya kuua dawa. Nyingi zina rangi ya kuonyesha. Povu likiwa la waridi, dawa bado ipo. Osha tena. Mimi huwa naomba waniletee kioo, naangalia povu la nyuma ya masikio, ndiko wanakosahau. Sinyanyuki mpaka liwe jeupe.

Mama Pacha, Pasua

Nimerudi na majibu. Watoto wamelala, nimetandika nepi nyeupe mabegani nikachana kama ulivyosema, polepole, na kandishena. Nimeokota zote na kuzipanga kwenye sahani. Zenye kitone 41. Zisizo na kitone 3.

Msusi wa Majengo

Tatu tu? Basi mwanangu funga mabutu yako ulale nao hao watoto. Jumamosi njoo na sahani hiyo hiyo nikutengeneze bila dawa, nitakuonyesha zile mpya zinazochomoza pembeni.